Ugaidi, Sheria na Mwenyekiti wa Mtaa

Mhadhara wa wazi, Mazimbu, Morogoro

  

Nimeombwa nizungumzie namna taifa letu linavyopambana na ugaidi. Nina jambo moja la kusema. Katika mapambano haya hatuna silaha inayomzidi mwananchi anayeona kitu kisicho cha kawaida mtaani kwake akaenda kukisema. Mtu huyu halipwi, na hana bunduki. Anahitaji kuamini kwamba akisema hatauawa na yule aliyemsema, na kwamba aliyesemwa atafikishwa mahakamani na kusikilizwa, hatapotea. Kwa zaidi ya miaka 20 sheria yetu na utendaji wetu vimemfanya mtu huyu asite. Hiyo ndiyo hatari ninayotaka tuitazame jioni hii.

Tunakutana mahali panapotudai uangalifu. Mwaka 1977 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa wapigania uhuru wa ANC eneo hili la Mazimbu, shamba la mkonge lililokuwa limetelekezwa, ili wajenge shule ya vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya machafuko ya Soweto. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Miaka kumi kabla ya hapo, Aprili 1969, ANC ilikuwa imefanya mkutano wake mkubwa papa hapa Morogoro. Machoni pa utawala wa makaburu, mji huu uliolala chini ya Uluguru ulikuwa maficho ya magaidi. Sheria yao ya Ugaidi ya mwaka 1967, ambayo Mahlangu naye alishtakiwa kwayo, iliwaruhusu polisi kumweka mtu kizuizini bila kikomo, mahakama isiulize na wakili asimwone. Tanzania ilikataa kuwatazama vijana wale kwa macho ya Pretoria. Msimamo huo baadaye ulikuwa wa Afrika nzima: mkataba wa kupambana na ugaidi uliopitishwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Algiers, Julai 1999, unatamka katika ibara ya 3 kwamba mapambano ya watu dhidi ya ukoloni na uvamizi si ugaidi.

Lakini tusijifiche nyuma ya historia hiyo. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya saa tano asubuhi, lori lenye bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Dar es Salaam. Watu 11 walikufa na wengine zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Nairobi, kwa tofauti ya dakika chache, bomu jingine liliua watu 213. Dar es Salaam hakufa Mmarekani hata mmoja. Walikufa watu wetu: walinzi wa lango, dereva aliyeleta maji kwa lori, watu waliokuwa kazini siku ya kazi. Hakuna mkataba wala historia ya ukombozi inayoweza kuhalalisha kitendo kile, na mimi sitakubali kijana yeyote alitumie jina la Mahlangu kukitetea.

Kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001 ilionyesha kwamba bomu la Dar es Salaam liliandaliwa katika nyumba ya kupanga huko Ilala. Wenye kuifahamu Ilala wanajua nyumba zilivyobanana; mtu akikaanga kitunguu jirani anajua. Mfumo wa kujuana ulikuwepo, majirani walikuwepo, viongozi wa mtaa walikuwepo. Haukutosha. Nalitaja hili mapema ili mtu asidhani nimekuja kuusifu mtaa kana kwamba unaona kila kitu.

Mmoja wa waliohukumiwa katika kesi hiyo alikuwa Mtanzania mwenzetu kutoka Zanzibar, Khalfan Khamis Mohamed. Alikamatwa Cape Town mwaka 1999 na kukabidhiwa haraka haraka kwa Wamarekani. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaamua, Mei 2001, kwamba kumkabidhi vile kulivunja katiba, kwa sababu serikali haikudai kwanza ahadi kwamba hatahukumiwa kifo. Hebu tulitazame jambo hili tukiwa tumekaa hapa Mazimbu. Nchi iliyomnyonga Mahlangu, miaka 22 baadaye, mahakama yake ya juu inasimama kutetea uhai wa mtu anayetuhumiwa kuua watu wasio na hatia. Na uamuzi huo haukuwazuia Wamarekani kumhukumu. Alifungwa maisha. Mpaka leo sijaona mfano ulio bora zaidi wa kuonyesha kwamba kulinda haki ya mtuhumiwa na kumwadhibu mhalifu vinaweza kukaa pamoja.

Sisi tulichukua njia gani? Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1373, likizitaka nchi zote zitunge sheria za kuzuia ugaidi na kuziba mianya ya fedha zake. Bunge letu likapitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi, namba 21 ya mwaka 2002. Si sheria ya kutupa. Inasema, kwa mfano, kwamba maandamano au mgomo unaosimamisha huduma si ugaidi kama haukukusudia kudhuru watu. Kwa upande wa fedha kazi imefanyika: tuliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia utakatishaji wa fedha na fedha za ugaidi, Oktoba 2022, tukajirekebisha, tukaondolewa Juni 2025. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu uko kwingine. Tafsiri ya kosa ni pana, na kosa lenyewe halina dhamana. Ukiyaweka hayo mawili pamoja unapata kitu ambacho hakihitaji hukumu ili kimwadhibu mtu. Waislamu wengi waliipokea sheria ile kwa wasiwasi kwamba imetungwa kwa ajili yao, na jibu la kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa halikuwatosha. Lisingewatosha, kwa sababu kilichofuata kiliwapa sababu ya kuogopa.

Kwa wasiowahi kuona, nieleze kesi hizi zinavyokwenda. Karandinga linaingia uani mwa mahakama asubuhi. Washtakiwa wanashushwa, wanapandishwa kizimbani. Namba ya kesi inasomwa. Wakili wa serikali anasimama: upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine ya kutajwa. Hakimu hana mamlaka ya kusikiliza shauri lenyewe, maana ni la Mahakama Kuu. Anachoweza ni kuahirisha. Siku 14. Mama mzazi aliyetoka mbali kwa nauli ya kukopa anamwona mwanawe kwa dakika chache, karandinga linarudi gerezani. Baada ya siku 14, maneno ni yale yale. Viongozi wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ya Zanzibar, masheikh Farid Hadi Ahmed, Mselem Ali Mselem na wenzao, walikaa katika hali hiyo tangu mwaka 2014 hadi Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipowafutia mashtaka. Miaka ipatayo saba. Kama walikuwa na hatia, waliodhurika na vitendo vyao walinyimwa hukumu. Kama hawakuwa nayo, wao walinyimwa miaka saba. Vyovyote utakavyopima, dola haikupata kitu.

Wala si masheikh peke yao. Mwaka 2013 Wilfred Lwakatare wa chama cha upinzani cha CHADEMA alishtakiwa kwa ugaidi, na Mahakama Kuu ikayatupa mashtaka hayo. Julai 2021 mwenyekiti wa chama hicho wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa Mwanza akashtakiwa kwa ugaidi pamoja na wenzake watatu. Tarehe 4 Machi 2022 serikali ikasema haina nia ya kuendelea na kesi. Sijaja hapa kutetea chama. Ninachosema ni kwamba kila mara sheria hii inapotumika kwenye jambo ambalo mwananchi wa kawaida halioni kuwa ugaidi, siku polisi wanapotangaza gaidi wa kweli sehemu ya nchi haitawaamini. Gharama hiyo haionekani kwenye bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani, lakini tunailipa.

Wapo watakaosema nadharia hizi ni za darasani. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilichapisha utafiti uliowahoji watu waliowahi kujiunga na makundi ya itikadi kali barani Afrika. Waliulizwa ni tukio gani hasa lililowafanya waamue kujiunga. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, ikiwamo kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Kenya walijaribu njia ya msako wa jumla: Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa Eastleigh na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Sidai kwamba jambo moja lilizaa jingine. Nasema kwamba kukusanya umati hakukuwapata wauaji. Na tusijione wa pembeni, kwa sababu kati ya waliotiwa hatiani kwa mauaji ya Garissa alikuwamo kijana wa Kitanzania.

Hapa nataka niwarudishe milimani, kwa sababu Morogoro ina somo lake, na ni la zamani kuliko neno lolote nililolisema hadi sasa.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Kusudi lake lilikuwa jema kabisa: udongo ulikuwa unaporomoka mteremkoni, na maji ya milima hii ndiyo yanayolisha mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa mpaka leo. Wataalamu wakaamuru matuta ya ngazi. Kila mlipa kodi akapangiwa kuchimba, asiyechimba akatozwa faini au kufungwa. Upande wa Mgeta, ambako kilimo cha ngazi na mboga kilikuwa kimezoeleka, mambo hayakuwa mabaya sana. Upande wa mashariki, Matombo, udongo wa rutuba ni mwembamba. Ukichimba tuta unafukia rutuba na kuibua udongo usiootesha kitu. Wakulima waliliona hilo kwa macho yao na wakalisema. Hawakusikilizwa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa, TANU ikaenea milimani, na kwa miaka mingi baadaye bwana shamba aliyetamka neno tuta hakupata wa kumsikiliza.

Udongo uliendelea kuporomoka. Hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki. Hatari ilikuwa ya kweli, serikali ilikuwa na sababu, ila ilichagua kuwalazimisha watu ambao bila ridhaa yao kazi isingewezekana, na mwishowe ikakosa tuta na ikakosa watu. Nimesoma taarifa nyingi za usalama maishani mwangu, na kila nikizisoma nawakumbuka wale wazee wa Matombo waliosema udongo huu hauko hivyo mnavyodhani.

Sasa twendeni Kibiti, kwa sababu pale ndipo tulipopimwa kuliko mahali pengine popote.

Kuanzia mwaka 2015 hadi 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, mkoani Pwani, watu waliuawa mmoja baada ya mwingine. Angalieni waliolengwa: wenyeviti wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala wa ngazi ya chini, na polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliviziwa barabarani na kuuawa jioni moja. Wauaji walielewa jambo ambalo wengi serikalini hawakuwa wamelipa uzito. Walijua kwamba jicho la dola kijijini si kamera wala ndege. Ni yule mzee mwenye muhuri na daftari. Wakalitoboa jicho hilo kwa makusudi. Baadhi ya viongozi wakazihama nyumba zao, na nani angewalaumu?

Serikali ilijibu kwa nguvu. Ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji, ikabadilisha Mkuu wa Jeshi la Polisi, ikapiga marufuku bodaboda usiku. Mauaji yalikoma. Lazima tuseme hivyo waziwazi, na tuwape heshima askari waliokufa wakiifanya kazi ile. Lakini katika miezi ile ile watu walichukuliwa majumbani mwao na ndugu zao hawakuwaona tena. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017, na hadi leo taifa halijaambiwa kilichompata. Msemo wa watu wasiojulikana ulianza kutumika kwa pande zote mbili: kwa waliomuua mwenyekiti usiku, na kwa waliomchukua jirani yake mchana. Mwanakijiji akishindwa kutofautisha pande hizo mbili, atampelekea nani taarifa?

Na tatizo halikwisha, lilihama. Maofisa wa Tanzania na Msumbiji walieleza kwamba baadhi ya waliokimbia Kibiti walivuka Ruvuma na kujiunga na uasi wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ulioanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Oktoba 2020 waasi walivuka mto kuja upande wetu wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Vijana wetu wa JWTZ wakapelekwa Msumbiji pamoja na wenzao wa SADC mwaka 2021, na hata kikosi cha jumuiya kilipoondoka mwaka 2024, Tanzania ilibaki na askari wake kule. Naunga mkono uamuzi huo. Mpakani lazima pawe na jeshi.

Morogoro si mpakani, ila si mbali. Aprili 2015, siku chache baada ya Garissa, polisi wa mkoa huu walitangaza kuwakamata watu 10 katika msikiti mmoja huko Kidatu wakiwa na vilipuzi. Kidatu ni mji wa miwa na umeme. Watu wanatoka kila pembe ya nchi kufuata kazi kiwandani, wanapanga chumba, msimu ukiisha wanaondoka. Ni tofauti na Matombo au Kolero, ambako ardhi ni ya ukoo wa mama na ukoo mmoja una Wakatoliki na Waislamu ndani yake. Huko mhubiri wa chuki lazima kwanza apite kwa wajomba. Hivyo anayesema ugaidi utazuiwa na mila zetu aniambie mila gani inafanya kazi kwenye vyumba vya kupanga vya Kidatu, Msamvu au Kihonda, ambako mpangaji hajui jina la pili la mwenzake.

Kinachobaki huko ni ofisi ya serikali ya mtaa. Nendeni mkaitazame: benchi moja, meza, daftari la wakazi lenye kurasa zilizochakaa, kidau cha wino na muhuri. Watu wanakuja kuchukua barua ya utambulisho wakadhamini ndugu au wafungue akaunti benki. Katikati ya shughuli hizo ndipo mtu anapobaki nyuma, wengine wakiondoka, akasema: mwenyekiti, kuna vijana wamehamia ile nyumba, sielewi wanafanya nini. Mwenyekiti huyo hana ulinzi. Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi tangu mwaka 2015, lakini muulizeni mwenyekiti wenu kama amewahi kufundishwa jinsi ya kulificha jina la aliyemletea taarifa. Na muulizeni jambo la pili: akipeleka taarifa polisi, kisha ikaonekana vijana wale walikuwa mafundi wa simu tu, je, watarudi nyumbani wiki hiyo hiyo, au watatajwa mahakamani kwa miaka saba? Kwa sababu yeye ataendelea kuishi na mama zao mtaa mmoja.

Kwa hiyo ninayoyapendekeza yote yanaanzia hapo. Bunge liweke kikomo cha upelelezi katika kesi za ugaidi, kikomo kilichoandikwa kwa miezi, na kikifika bila kesi kuanza kusikilizwa, jaji awe na mamlaka ya kutoa dhamana kwa masharti anayoona yanafaa. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023. Mlango umeshafunguliwa, tusiuache ujifunge. Anayefutiwa mashtaka baada ya miaka mahabusu alipwe fidia na aombwe radhi kwa maandishi, barua atakayoweza kuionyesha kwa mwajiri na kwa wakwe. Tafsiri ya kosa ibanwe irudi kwenye vitendo vya kuua na kujeruhi raia kwa kusudi la kutisha, ili siasa, hata zile zenye maneno makali, ziwe na sheria zake nyingine.

Na pawepo tume ya Kibiti. Iandike majina yote: askari wanane, wenyeviti, watendaji, wanakijiji, na kila aliyechukuliwa ambaye hajarudi, bila kutenganisha majina hayo katika vitabu viwili. Iwe na mamlaka ya kuwaita maofisa, iwe na jaji na iwe na wanawake, na isikae Dodoma wala Dar es Salaam. Ikae Kibiti penyewe, karibu na barabara kuu, ili mjane wa mwenyekiti wa kitongoji na mke wa mtu asiyejulikana alipo waweze kuifikia kwa nauli ya daladala na kurudi nyumbani kabla ya jua kuzama.